Maji Yaliyojazwa na Mama

Kuna aibu ya kuteleza kwenye matope ya Jumapili ukiwa na suruali nyeupe, watu wakacheka, na wewe ukacheka, mkaenda zenu, hiyo naijua na sina ugomvi nayo. Ya kwangu si hiyo. Ya kwangu niliisababisha kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye kipaza sauti cha ukumbi wa parokia, na aliyeibeba mpaka nyumbani ni mama yangu mzazi, na mpaka leo ninavyowasimulia hajaitua. Kwa hiyo mkicheka katikati (na mtacheka, maana kuna mahali hata mimi ningecheka kama nisingekuwa mimi) mjue tu kwamba mwisho wake hauchekeshi.

Wengi wenu mnajua nafanya kazi maabara pale mjini Moshi, ingawa majirani zangu wa Pasua bado wananiletea simu zilizokufa niwatengenezee kwa sababu walisikia nashughulika na umeme. Nashughulika na maji. Tunachukua maji safi kabisa, tunapitisha juu yake cheche za umeme mpaka hewa yenyewe inawaka rangi ya zambarau, kile ambacho wataalamu wanakiita plazma, yaani ni radi ndogo uliyoifungia kwenye chupa, na hiyo radi inayaachia maji vitu ambavyo hayakuwa navyo: naitreti, ambayo ni chakula cha mimea, na naitraiti, na ile haidrojeni peroksaidi ambayo duka la dawa wanakuuzia ya kuoshea kidonda. Mbegu ukizilowesha humo zinachipua vizuri (tunadhani, ndiyo maana tunapima). Sasa utajuaje kimeingia kiasi gani? Kwa macho hujui, maji ni yaleyale. Unayatia kwenye kichupa cha kioo maalumu chenye pembe nne, chembamba kama kidole, unapitisha mwanga wa urujuanimno, ule mwanga wa jua usioonekana ambao ndio unaotuunguza ngozi, unaingia upande huu, upande wa pili mashine inaangalia umebaki kiasi gani, na kila kitu kilichomo majini kinameza sehemu yake ya mwanga, naitreti inameza mahali pake na peroksaidi inameza mahali pake, halafu kompyuta inachora mstari wenye vilima. Urefu wa kilima ndiyo habari yako.

Ila mashine yenyewe haijui kitu. Lazima kwanza uionyeshe maji ambayo hayana chochote ndani, uiambie, angalia, hii ndiyo sifuri, uanze kuhesabu kuanzia hapa. Hayo maji ya sifuri ndiyo yaliyoniponza.

Kikundi cha akina mama wa parokia yetu kule Kibosho kina kitalu cha mboga na miche ya kahawa nyuma ya ukumbi, na mama yangu ni mmoja wa waliokianzisha, enzi hizo bado magoti yanamtii. Sisi maabara tulikuwa tunatafuta mahali pa kujaribia maji yetu kwenye udongo wa kweli, na mama aliposikia sikuhitaji hata kuomba, alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Evarist wangu anatengeneza maji ya radi, msimkatalie, mimi namdhamini." Kuna waliosita, hasa mwenyekiti wao, Mama Rozina, ambaye hakubali kitu mpaka akione (na namheshimu kwa hilo). Ikapangwa Jumapili baada ya misa niende na mashine nipime mbele yao, waone vilima ukutani, ndipo waamue kama watatupa sehemu ya kitalu. Bosi wangu, Dokta Neema, akasema atapanda mlimani mwenyewe. Mama alifurahi mpaka akashonesha gauni jipya, na ninajua alilipanga mwenyewe kabatini na kulipangua mara nyingi tu, kwa sababu alinipigia simu kuniuliza kama Dokta anapenda watu wanaovaa kitenge chenye maua makubwa.

Nikapanda Jumamosi. Mvua inanyesha, ile barabara yetu mnaijua, gari nililokodi likagoma kabla ya kufika nyumbani, nikashusha vitu vyangu nikatembea navyo kwenye tope: sanduku la mashine, chupa nyeusi yenye maji ya plazma niliyoyatengeneza asubuhi, na dumu dogo jeupe lenye maji ya sifuri. Dumu lilikuwa nusu, nyingine nilikuwa nimeshaitumia kazini. Nikaingia jikoni kwa mama nimelowa chapachapa, nina njaa, kunanukia kiburu, zile ndizi zetu na maharage, nikalitua dumu karibu na mlango nikavuta kigoda.

Mama akaliangalia. "Na hili dumu ni la nini, baba?"

Hapa ndipo palipoharibika, hapahapa, kwenye kigoda. Ningeweza kumweleza. Ningesema, mama, haya ni kama maji ya betri, yasiguswe, angenielewa papo hapo, nani huku hajui maji ya betri. Lakini nilikuwa nimechoka, na pia (niseme ukweli, tuko wenyewe) nilikuwa na yale majivuno ya mtu aliyesoma anayeona kumweleza mama yake ni safari ndefu na kiburu kinapoa. Nikajibu huku natafuna:

"Ni maji tu, mama."

"Maji tu?"

"Maji tu. Ya kesho, ya kuonyesha wageni."

"Haya," akasema, akaniongezea chakula.

Sasa kwa wenzangu ambao si wa kule juu. Kwetu chombo hakiendi kwa watu kikiwa nusu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikipelekwa kwenye sherehe, galoni linajazwa mpaka linachuruzika shingoni. Maziwa yakipelekwa kwa mama aliyejifungua, chupa imejaa mpaka kwenye kizibo. Ukipeleka nusu watu watasema umeinywa njiani, au ulitoa huku roho inakuuma, na aibu hiyo haiendi kwa aliyebeba, inakwenda kwa mama wa nyumba. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo niliwahi kurudishwa kutoka getini kwa shangazi na chupa ya maziwa niliyoyaonja, nikala fimbo, nikarudi nayo imejaa. Kwa hiyo nilijua. Nilijua tangu sijui kusoma, sema siku ile sikukumbuka kwamba lile dumu jikoni kwa mama halikuwa kifaa cha maabara tena, lilikuwa chombo kinachokwenda kwa wageni.

Asubuhi nimeamka mama hayupo. Nikadhani amewahi kupamba altare. Akarudi kanga imelowa mpaka magotini, anachechemea, nikamwamkia, akaitikia, nikamwuliza alikuwa wapi, akasema, "Nilipanda huko juu mara moja," kwa ile sauti ya mtu aliyefanya jambo zuri na anataka uligundue mwenyewe. Sikuligundua. Nikanywa chai nikaanza kupiga kiatu rangi.

Ukumbi ulijaa, jamani. Akina mama wa kikundi mbele, waume zao nyuma wakijifanya wamepita tu, Dokta Neema kwenye kiti cha plastiki safu ya kwanza na pembeni yake mama yangu kwenye gauni la maua, amenyooka kama yeye ndiye anayepima. Mzee Aloyce, katekista wetu, ndiye mwenye kipaza sauti, na mtu huyo akikishika hakiachii, akatusalimia Tumsifu Yesu Kristo, akatukumbusha michango, akamtaja marehemu baba yangu, akasema huyu Evarist alikuwa mtumishi wa altare aliyeangusha chetezo (watu wakacheka), leo ameturudia na radi. Vitu vyangu vilishawekwa mezani, wale akina mama walikuwa wamevibeba mapema. Nikalinyanyua dumu kumimina maji ya sifuri. Lilikuwa zito. Limeondoka Moshi nusu, limefika mezani limejaa mpaka kwenye kifuniko, na mtu ambaye analipwa kwa ajili ya kupima vitu akalinyanyua akasema moyoni, leo nimechoka.

Nikaionyesha mashine sifuri yake. Nikaosha kichupa, nikatia maji ya plazma, nikabonyeza. Kwenye lile shuka jeupe tulilotundika ukutani mstari ukaanza, ukaenda sawa kidogo, ukainama, ukazama chini ya sifuri.

Mzee Aloyce akakohoa kwenye kipaza sauti. "Evarist, sisi tuliahidiwa vilima. Mbona naona mabonde?"

Nikasema ni kichupa kimeshikwa na vidole, nikakifuta, nikarudia. Bonde. Nikazima kompyuta nikaiwasha (ile dawa ya kila ugonjwa). Bonde tena, na la safari hii lilikuwa zuri zaidi. Mama Rozina akasimama na mikono kiunoni.

"Ngoja nielewe, mwanangu. Yale ya kwanza ulisema hayana kitu. Haya ya radi yana pungufu ya yale yasiyo na kitu?"

"Inaonekana hivyo, mama, ila..."

"Kwa hiyo radi imeiba hata kile ambacho hakikuwepo."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Wale waume wa nyuma waliokuwa wamepita tu wakavuta viti. Mimi jasho linanitoka mpaka kwenye soksi, Dokta ananiangalia kwa upole ule ambao ni mbaya kuliko kufokewa, na mama, mama alikuwa anacheka pamoja na wenzake lakini macho yameniganda, kwa sababu yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba. Nilimwona. Nikamwonea huruma sana wakati ule, nikajiambia nitamtoa kwenye aibu hii, na hicho ndicho kinachoniuma ninapokumbuka.

Ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya sanduku nina kichupa kingine cha maji ya maabara, kimefungwa, cha kusuuzia. Nikakitumia kuwa sifuri mpya, halafu nikachukua yale ya dumu nikayapima yenyewe. Mstari ukapaa. Ulipanda upande ule wa mwanga mkali kana kwamba nimepima chai ya rangi, na nikajua palepale: dumu limeguswa. Mashine ni nzima. Maji ya plazma ni mazima. Mimi ni mzima! Na furaha niliyoipata, ndugu zangu, sijui niieleze vipi, ni furaha ya mtu aliyesingiziwa akaona mwenye kosa anapita. Nikamnyang'anya Mzee Aloyce kipaza sauti (wa kwanza katika historia ya parokia).

"Wazazi wangu, samahanini sana," nikasema, na sauti yangu nikaisikia inarudi kutoka kwenye mabati, tamu, "mashine haina tatizo. Kuna mtu mjinga ameyachezea maji yangu. Sijui ni nani, lakini kuna mjinga amechukua maji machafu akayatia kwenye dumu la kitaalamu. Angalieni wenyewe uchafu huo! Haya hata ng'ombe ningemwonea huruma."

Wakacheka. Sasa walikuwa wanacheka na mimi, si kunicheka, na nilikolea. "Ni nani huyo?" nikasema. "Ajitokeze tumpe zawadi."

Kiti cha safu ya mbele kikalia. Mama alishika mgongo wa kiti cha Dokta, akajisukuma polepole kama anavyosimama siku hizi, goti moja kwanza, halafu la pili, akalishusha gauni lake vizuri.

"Ni mimi, baba."

Kicheko hakikukatika mara moja, na hilo nalo ni baya, kilikwisha kwa vipande, wa nyuma walikuwa hawajamsikia.

"Nililiona liko nusu," akasema. Hakuwa na kipaza sauti kwa hiyo aliongea na mimi tu, lakini kila mtu alimsikia. "Nikasema mgeni wako asije akaona dumu nusu limetoka kwangu. Ya bomba yananuka dawa, sikuyataka. Nikapanda mpaka kule mfongo unapotokea, juu, ng'ombe hawajafika. Ni maji masafi, baba. Na wewe ulisema ni maji tu."

Mfongo ni ule mfereji wa ukoo wetu, waliuchimba babu zake baba, unaanzia mtoni ndani ya msitu, na kufika pale ni kupanda mlima wa kuteleza hata kwa mtu mwenye magoti mapya. Maji yake ni masafi kweli. Nimeyanywa utoto wangu wote. Ila yanapita kwenye majani yanayooza, mvua ya jana yake ilikuwa imesomba kidogo ya kila kitu, na ingawa jicho halioni, mwanga ule unaona. Ningeweza kuyasema haya. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, ningesema, wazazi wangu, mjinga ni mimi, mama aliniuliza sikumjibu. Yalikuwa maneno machache. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Aa. Basi hamna shida, mama. Kaa tu." Kwenye kipaza sauti. Kama mwalimu anavyomwambia mtoto aliyekosa jibu.

Akakaa.

Halafu nikaendelea kupima. Ndiyo, niliendelea, kwa kile kichupa cha kusuuzia, na vilima vikatoka vizuri mno, naitreti pale, naitraiti pale, sijawahi kupata vilima safi hivyo mpaka leo, na nikaeleza kila kimoja mbele ya watu ambao wote walikuwa wanautazama mgongo wa mama yangu. Mama Rozina akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Kitalu tukapewa. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mama.

Dokta alikuwa anashuka Moshi mchana uleule, nami (kwa sababu ya kazi ya kesho yake, nilisema) nikaomba nishuke naye. Tukiwa tumeshaingia garini nikamwona mama anakuja kutoka kwenye uzio wa kihamba, shamba letu la nyumbani, ana jani refu la isale mkononi. Wa kule juu mnajua, kwa wengine niseme: isale ndilo jani letu la kuombea msamaha, unalipeleka kwa uliyemkosea na yeye hana ruhusa ya kukataa. Mama akampita dereva, akampita mwanawe, akampa Dokta dirishani kwa mikono miwili. "Mama, naomba mwanangu asifukuzwe kazi kwa ajili yangu." Dokta kwao ni Tabora, akadhani ni ua la kumuaga mgeni, akasema, "Jamani, asante mama, zuri sana," akaliweka juu ya dashibodi. Sikumweleza. Njia nzima lile jani lilikuwa linatikisika mbele yangu kwenye kila shimo la barabara, nami natazama dirishani.

Wiki iliyofuata nikapanda kutoa jani la kwangu. Nililikata kwenye uzio wetu wenyewe, nikapiga magoti jikoni palepale karibu na mlango, nikamwambia yote niliyopaswa kuyasema ukumbini, na nililia, sioni haya kusema. Mama akalipokea. Akalichomeka kwenye boriti, akasema, "Aika, asante mwanangu. Yameisha," akanipakulia mtori. Na najua alisema kweli, kwa sababu mama hapokei isale kwa mdomo tu.

Lakini nilipomaliza kula nikaweka kikombe changu juu ya meza, yeye anataka kufuta meza, akasimama na kitambaa mkononi akaniuliza, "Naweza kukisogeza hiki?"

"Mama, ni kikombe."

"Ndiyo. Nauliza tu."

Na ndivyo ilivyo mpaka sasa. Shati langu likiwa kwenye kamba na mvua inakuja, ananipigia kelele kutoka uani kuuliza kama aliguse. Kitaluni haendi, Mama Rozina mwenyewe alikuja kumbembeleza, akamwambia bila wewe miche inakauka, mama akajibu kwamba kule sasa kuna maji ya kitaalamu, asije akaharibu kazi ya watoto. Mama, aliyekianzisha kile kitalu kwa jembe lake. Dokta anasema vipimo vyetu vya kule vinaendelea vizuri, na ni kweli, lakini kila nikikaa mbele ya mashine nikitafuta sifuri namwona amesimama na lile gauni la maua.

Nimeapa mambo mawili. Kipaza sauti sikishiki tena nikiwa na furaha, na mama akiniuliza kitu, hata akiniuliza jiwe ni la nini, nitamweleza mpaka aniambie basi.

Mwezi uliopita nilipanda na dumu lilelile jeupe. Nililitia maji ya bomba ya Pasua, nusu, nikaliweka jikoni karibu na mlango. Mama akaliangalia hakuuliza, ikabidi nimwambie mwenyewe: "Mama, haya ni maji ya kawaida kabisa, ya bomba, hayana kazi yoyote. Baadaye nampelekea Mama Rozina."

"Haya," akasema.

Nikaenda misa nikiwa namwomba Mungu kitu ambacho nadhani hajawahi kuombwa. Niliporudi jikoni kulikuwa kumefagiwa, mafiga yamepangwa, vyombo vimeoshwa vimefunikwa. Pale karibu na mlango alikuwa amefagia akalizunguka dumu, amelitandikia kitambaa safi juu ya kifuniko lisiingie vumbi. Nikalinyanyua. Lilikuwa nusu.